Kisiwa cha kaskazini kabisa duniani ni kipi, na kwa nini kinaitwa Kilabu cha Kahawa?

Swali: Mimi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari. Wanafunzi wameniuliza ni kisiwa gani kilicho kaskazini kuliko vyote duniani. Atlasi ya shule imeandika Kaffeklubben, kitabu kingine kimeandika Oodaaq, na mwanafunzi mmoja kaniletea habari ya mwaka 2021 ya kisiwa kipya kinachoitwa Qeqertaq Avannarleq. Niwaandikie kipi? Na majina haya magumu yametoka wapi?

Jibu: Mwalimu, ubaoni andika Kaffeklubben. Atlasi yenu iko sahihi. Oodaaq na Qeqertaq Avannarleq yalikuwa mapande ya barafu yaliyobeba udongo na kokoto mgongoni, yakakwama baharini, yakaonekana ni ardhi. Vipimo vilivyofanywa mwaka 2022 ndivyo vilivyomaliza ubishi. Mwanafunzi wako hakudanganywa: siku ile habari inaandikwa, waliotua pale waliamini kwa dhati kuwa wamesimama juu ya kisiwa. Bahati mbaya ni kwamba habari ya kukigundua ilizunguka dunia nzima, na ile ya kukifuta ilisomwa na wachache.

Kwanza mahali penyewe. Kaffeklubben kipo mbele kidogo ya pwani ya kaskazini ya Greenland, kwenye latitudo digrii 83 dakika 40 kaskazini na longitudo digrii 29 dakika 50 magharibi. Nchi iliyo nyuma yake inaitwa Peary Land. Ukitoka kisiwani kuelekea magharibi, kama kilomita 35, unafika Rasi ya Morris Jesup, ambayo ndiyo ncha ya kaskazini ya Greenland yenyewe, yaani ya kile kisiwa kikubwa. Kaffeklubben ni kidogo sana: urefu wake haufiki kilomita moja, upana ni mita 300 hivi panapopanuka zaidi, na kinainuka kama mita 30 juu ya bahari. Hakuna nyumba wala mti. Hata hivyo kina uhai. Laikeni, ule uoto mdogo unaonata kama utando, zimeshika mawe, na yapo maua mawili yanayojulikana kote Aktiki, saksifraga ya zambarau inayotambaa chini kama zulia, na mpopi wa njano unaosimama juu ya kikonyo chembamba. Ayakumbuke maua haya anayetaka kujua ardhi ya kweli inafananaje.

Bahari inayokizunguka haifanani na bahari tunayoijua huku. Barafu huifunika karibu mwaka mzima, na mkondo unaovuka Bahari ya Aktiki kutoka upande wa Siberia huisukuma barafu hiyo hadi ikabanana na pwani ya Greenland. Inapandana, inavunjika, inaumuka na kuwa matuta. Mtu akisimama ufukweni akatazama kaskazini, mbele yake ni weupe wenye mabonde na vichuguu, na kitu chochote cheusi kikichomoza humo jicho hukikimbilia mara moja. Hapo ndipo hadithi yote ya visiwa vya uongo ilipoanzia.

Kabla ya majina, wape wanafunzi hesabu, maana bila hesabu hawataelewa kwa nini watu waligombania mita mia chache. Katika latitudo ile, dakika moja ya latitudo ni kama mita 1,861, na sekunde moja ni kama mita 31. Kutoka digrii 83 dakika 40 hadi digrii 90 ni digrii 6 na dakika 20, yaani dakika 380. Zidisha 380 kwa mita 1,861: unapata kilomita 707. Huo ndio umbali kutoka kisiwani hadi Ncha ya Kaskazini.

Longitudo ni habari nyingine. Kwenye ikweta digrii moja ya longitudo ina upana wa kilomita 111 na kidogo. Kule Kaffeklubben imebanwa hadi kilomita 12.3 tu, kwa sababu mistari yote inakaribia kukutana nchani. Kwa hiyo kosa la dakika moja ya longitudo ni kama mita 205, wakati kosa la dakika moja ya latitudo linakaribia kilomita 2. Wanafunzi wengi hudhani makosa hayo mawili yana uzito sawa.

Kuna makosa mawili yanayorudiwa kila darasa, na hata kwenye tovuti. La kwanza ni kuiandika digrii 83 dakika 40 kama 83.40. Dakika 40 ni theluthi mbili za digrii, hivyo namba sahihi ni 83.667. Ukiandika 83.40 umekirudisha kisiwa kusini kwa kilomita karibu 30, nacho kitaangukia ndani ya Greenland. La pili ni kusahau alama ya kutoa mbele ya longitudo. Magharibi ni hasi: 29.833 iandikwe -29.833. Bila alama hiyo, programu ya ramani itakupeleka mashariki, katikati ya Bahari ya Aktiki, zaidi ya kilomita 700 kutoka kisiwani, na hutaona kitu chochote.

Hata ukiandika namba sawasawa, huenda usikione vizuri kwenye simu, na sababu zake zinafaa kuwa somo zima. Ramani nyingi za mtandaoni hutumia makadirio ya Mercator, yaani namna moja ya kuitandaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa, ambayo huvuta kila kitu kadiri unavyokwenda kaskazini. Katika latitudo ya Kaffeklubben, urefu unavutwa mara 9 na eneo mara 82 hivi ukilinganisha na ikweta. Kisiwa kidogo hivyo kinajionyesha kama pande la nchi, na ramani zenyewe hukatwa kwenye digrii 85 hivi kwa sababu hesabu ya Mercator haiwezi kuifikia ncha. Kwa somo hili tafuta ramani iliyochorwa kutokea juu ya ncha, ile ya duara.

Picha za setilaiti nazo zina mpaka. Setilaiti za Landsat huzunguka kwa mwinamo wa digrii 98.2 kutoka ikweta. Toa namba hiyo kwenye 180, unapata 81.8: hiyo ndiyo latitudo ya juu kabisa ambayo setilaiti hupita moja kwa moja juu yake. Mkanda wa picha una upana wa kilomita 185, nusu yake ni kama digrii 0.8 zaidi, kwa hiyo picha za kawaida huishia karibu na digrii 82.6. Setilaiti za Sentinel-2, zenye mkanda wa kilomita 290, huishia karibu hapohapo. Kaffeklubben kiko digrii nzima zaidi ya mpaka huo. Setilaiti zenye mkanda mpana, kama zile zinazobeba kifaa cha MODIS, hufika hadi nchani, lakini kila nukta ya picha yake bora ina upande wa mita 250. Kipande cha mita 30 kwa 60, kama kile cha mwaka 2021, humezwa ndani ya nukta moja. Ndiyo maana vitu hivi vilitafutwa kwa macho na helikopta wakati dunia nzima ilikuwa imeshapigwa picha.

Sasa majina. Wa kwanza kuandika habari za kisiwa hiki ni Robert Peary, mpelelezi wa Marekani, aliyepita pwani ile mwaka 1900. Alikiona tu. Safari yake ilikuwa na wafadhili, na wafadhili hao wametapakaa kwenye ramani: Morris Jesup, aliyepewa rasi, alikuwa mkuu wa kilabu kilichochangisha fedha za Peary huko New York, na Herbert Bridgman, aliyepewa rasi nyingine upande wa mashariki, alikuwa katibu wa kilabu hichohicho. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya wapelelezi wa wakati ule. Mwenye pesa alilipwa kwa jina.

Aliyefika kisiwani na kukipa jina ni Lauge Koch, mwanajiolojia wa Denmark, mwaka 1921. Alikuwa kwenye msafara wa mbwa na sleji wa kuadhimisha miaka 200 tangu mmisionari Hans Egede aliposhuka Greenland mwaka 1721. Koch hakuwa na mfadhili wa kumlipa pale. Alikiita Kaffeklubben, yaani kile kilabu cha kahawa, kwa heshima ya kikundi cha wenzake waliokuwa wakikutana kunywa kahawa na kuzungumza kwenye jumba la makumbusho ya madini huko Copenhagen. Ndio hao, Mwalimu: watu wanaokaa pamoja mchana, vikombe mezani, wanajadili mawe. Jina lina uzuri wake, maana safari za pwani ile zilikula miezi mingi ya njaa na baridi, na mtu aliyekuwa humo akalikumbuka baraza lake.

Neno lenyewe lina sehemu mbili, kaffe na klub, na hiyo -ben mwishoni imebeba kiambishi cha Kidenmaki kinachoonyesha kitu kinachojulikana. Kwenye ramani za Denmark utakuta Kaffeklubben Ø. Hiyo Ø peke yake ni neno kamili, maana yake kisiwa. Kwa hiyo ukiandika kisiwa cha Kaffeklubben Ø, umesema kisiwa mara mbili. Chagua moja.

Kwa Kikalaallisut, lugha ya Greenland, kisiwa hiki kinaitwa Inuit Qeqertaat. Qeqertaq ni kisiwa. Qeqertaat ni kisiwa chao. Mwisho huohuo ndio unaoonekana kwenye jina la nchi yenyewe, Kalaallit Nunaat: nuna ni nchi, nunaat ni nchi yao, ya Wakalaallit, yaani Wainuit wa Greenland. Kwa hiyo jina lile linasema kisiwa cha Wainuit, wenyeji wa Aktiki. Mwanafunzi akishashika neno qeqertaq, ramani ya Greenland inamfungukia, kwa kuwa neno hilo limejaa kila mahali: Qeqertarsuaq, kwa mfano, ni kisiwa kikubwa.

Pengine utaulizwa kwa nini hakukuwa na jina la wenyeji lililotangulia la Koch. Watu waliwahi kuishi Peary Land, na mapema mno. Mwanaakiolojia wa Denmark Eigil Knuth alichimbua huko mabaki ya makazi ya zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, ya wawindaji wa ng'ombe-maski, mnyama wa Aktiki mwenye manyoya marefu, na utamaduni wao ukaitwa Independence kutokana na ghuba iliyo jirani. Lakini watu hao walitoweka, na walipofika wapelelezi hapakuwa na mtu pwani ile wa kuulizwa. Majina yaliyosemwa kule zamani yalikwenda na wasemaji wake.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa Rasi ya Morris Jesup ndiyo ardhi ya mwisho kaskazini. Mwaka 1969 timu ya Wakanada ilipima, ikakuta kuwa Kaffeklubben kinaizidi. Kuanzia hapo taji likahamia kwenye kilabu cha kahawa, na likakaa huko miaka tisa tu.

Mwaka 1978 wapimaji wa Denmark waliokuwa wakishughulikia pwani ile waliona kitu cheusi barafuni, mita 1,360 kaskazini ya Kaffeklubben. Walipokifikia walikuta kokoto na udongo, kipande cha mita 15 kwa 8, kisichoinuka hata mita moja. Kilipewa jina Oodaaq.

Jina hili nataka ulifundishe vizuri, hata kama kisiwa chenyewe hakipo. Oodaaq alikuwa Minuit wa kaskazini magharibi ya Greenland, mmoja wa Wainuit wanne waliokuwa na Peary na Mmarekani mwenzake Matthew Henson kwenye safari ya mwaka 1909 ya kuelekea Ncha ya Kaskazini. Hadi leo wataalamu wanabishana kama Peary aliifikia ncha yenyewe, lakini hakuna anayebisha kwamba walioendesha mbwa, kujenga nyumba za theluji na kujua barafu ipi inabeba na ipi haibebi ni Oodaaq na wenzake. Peary, kwa tahajia ya Kiingereza, alimwandika Ootah. Kwenye ramani za zamani za Denmark jina lake lilikuwa na irabu zenye kofia, â, na mwisho wake herufi ĸ inayofanana na k ndogo iliyokatwa kichwa. Mwaka 1973 Greenland ilibadilisha tahajia: irabu ndefu zikaandikwa mara mbili, na ĸ ikawa q. Ndivyo tulivyopata Oodaaq. Mtu yuleyule, tahajia tatu. Ukikutana na Odaq, Ootah na Oodaaq katika vitabu vitatu, usidhani ni watu watatu.

Na hiyo q isikutishe. Inatamkwa nyuma kabisa ya ulimi, kooni, kama qaf ya Kiarabu. Wanafunzi waliosoma madrasa wataitamka vizuri kuliko wageni wengi wanaofika Greenland.

Baada ya 1978 yakaanza mashindano. Wasafiri walikwenda kumtafuta Oodaaq na mara nyingi hawakumkuta. Badala yake walikuta vipande vingine, kila kimoja mita mia kadhaa kutoka mwenzake. Mwaka 1996 kilipatikana kimoja kikaitwa ATOW1996, kifupi cha jina la Kiingereza la msafara uliokiona. Mwaka 2003 kingine kikaitwa 83-42 kutokana na latitudo yake, kikiwa na mita 35 kwa 15 na kimo cha mita 4. Mwaka 2007 kikaja kingine. Mwezi Julai 2021 timu ya watafiti wa Denmark na Uswisi ikashuka kwa helikopta kuchukua sampuli Oodaaq. Waliporudia hesabu za GPS waligundua kuwa hawakuwa Oodaaq kabisa: walikuwa mita 780 kaskazini yake, juu ya kipande cha mita 60 kwa 30, kimeinuka mita 3 hadi 4, kimejaa matope na changarawe. Wakapendekeza jina Qeqertaq Avannarleq. Avannarleq ni kilicho kaskazini kabisa. Maana yake basi ni kisiwa cha kaskazini kabisa, jina ambalo lingepata tabu siku kingeonekana kingine mbele yake.

Hapo Mwalimu yeyote wa jiografia angepaswa kushtuka. Visiwa havihamihami. Ukiwa na orodha ya visiwa vitano au sita katika eneo la kilomita chache, na kila msafara unakuta kipya lakini haukioni cha zamani, unachokiorodhesha si ardhi.

Mwaka 2022 Wadenmaki na Waswisi walirudi kupima. Jambo la maana walilofanya ndilo nahodha yeyote wa jahazi analolijua: walitia bildi, yaani kipimo cha kina cha maji. Walipima kina cha bahari mahali palipoandikwa kuwa na visiwa, kupitia barafu ya bahari, na kutoka angani helikopta ikapima kimo kwa leza. Kina kilichopatikana ni kati ya mita 26 na 47. Hapakuwa na fungu wala mwamba unaopanda kutoka sakafuni. Chini ya visiwa vile palikuwa na maji.

Unaweza kuwaonyesha wanafunzi kwa nini namba hizo zinakubaliana. Uzito wa barafu safi ni kilo 917 kwa mita moja ya ujazo, na wa maji ya bahari ni kama 1,025. Gawanya: 0.895. Maana yake pande la barafu linaloelea huzama karibu sehemu tisa kati ya kumi, na kwa kila mita moja iliyo juu ipo mita 8.5 chini. Kipande cha 2021 kilikuwa na kimo cha mita 3 hadi 4. Zidisha kwa 8.5: chini ya maji kuna mita 25 hadi 34. Ongeza uzito wa kokoto, kitazama zaidi kidogo. Na kina cha bahari pale ni mita 26 hadi 47! Pande la barafu la kimo kile, mahali penye kina kile, tumbo lake linagusa chini au linakaribia kugusa. Ndiyo maana linatulia mahali pamoja miaka kadhaa na kuwadanganya watu, halafu mwaka mmoja linayeyuka au linavunjika, au barafu ya bahari inalisukuma, nalo linaondoka.

Kokoto zilifikaje juu? Mto wa barafu unaposhuka kutoka nchi kavu hukwangua mwamba ulio chini yake, na huokota mawe yanayoporomoka kutoka milima ya pembeni. Mzigo huo unabaki ndani ya barafu. Ncha ya mto inapokatika baharini, pande linaondoka na mawe yake. Kiangazi jua huyeyusha barafu ya juu, maji yanatiririka, mawe yanabaki, na kila mwaka tabaka linazidi kuwa nene. Likishafika sentimita kadhaa linageuka blanketi: linazuia joto, na barafu iliyo chini yake inadumu kuliko ile iliyo wazi pembeni. Kwa hiyo pande lenye udongo mwingi ndilo linaloishi muda mrefu, na ndilo linalofanana zaidi na ardhi. Ukipita juu yake unakanyaga matope na changarawe halisi. Ukichukua sampuli, unachukua mawe halisi. Kinachokosekana hukioni mpaka uchimbe, au utie bildi pembeni.

Hata laikeni hazikutosha kuwa ushahidi. Kwenye kile cha 2003 ziliripotiwa, na wengi wakasema basi ni ardhi ya kudumu. Lakini laikeni iko juu ya jiwe, na jiwe linaweza kusafiri nayo.

Wanafunzi watakuuliza: kwani barafu yenye udongo juu haiwezi kuitwa kisiwa? Kwa mazungumzo ya kawaida, waiite watakavyo. Kwa sheria, hapana. Kifungu cha 121 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 kinasema kisiwa ni eneo la ardhi lililoumbika kwa asili, limezungukwa na maji, na liko juu ya maji hata bahari ikijaa. Watu wa pwani yetu walikuwa na maneno ya kutenganisha haya kabla mkataba haujaandikwa. Mbudya na Bongoyo, mbele ya Dar es Salaam, ni visiwa. Fungu Yasini, jirani yao, ni fungu, na jina lenyewe limeshasema. Fungu ni mchanga uliokaa juu ya sakafu ya bahari; ukitia bildi pembeni unaona chini inapanda taratibu kuja juu. Oodaaq hakufika hata kwenye daraja la fungu. Chini yake hapakupanda kitu.

Kifungu hichohicho, aya ya 3, kinaongeza kuwa mwamba usioweza kubeba makazi ya watu wala uchumi wake wenyewe haupati ukanda wa kiuchumi, yaani eneo la bahari ambalo nchi ina haki ya rasilimali zake. Kwa hiyo hata kama Qeqertaq Avannarleq kingekuwa ardhi, Greenland isingepata bahari mpya ya maana kwa ajili yake. Magazeti mengine mwaka 2021 yalikizungumzia kana kwamba mpaka umesogea. Si kweli.

Usione ajabu sana kwamba wataalamu walikosea. Peary mwenyewe aliripoti mwaka 1906 kuwa ameona nchi upande wa kaskazini magharibi, akaiita Crocker Land kwa jina la mfadhili mwingine. Msafara ulioondoka mwaka 1913 kuitafuta uliiona pia, milima na mabonde, ukaifuata siku kadhaa juu ya barafu, na kila walipokwenda nayo ikabadilika. Yalikuwa mazigazi, hewa baridi iliyotandaza taswira ya barafu kama ukuta. Crocker Land haikuwahi kuwepo hata kwa umbo la barafu. Oodaaq angalau alikuwa na mawe.

Tofauti nyingine ya kuwaonyesha ni namna majina yanavyozaliwa. Mbali na hapo, kwenye mlango wa bahari kati ya Greenland na Kanada, kuna kisiwa ambacho Wazungu wanakiita cha Hans, kwa jina la Hans Hendrik, Mgreenland aliyekuwa mwonyesha njia wa misafara kadhaa ya karne ya 19. Wainuit wanakiita Tartupaluk, kwa sababu kina umbo la figo. Jina moja linakumbuka mtu, la pili linamwambia mwindaji atakiona vipi akiwa mbali. Mwaka 2022 Kanada na Denmark zilikigawana, na jina Tartupaluk sasa limo kwenye maandiko ya makubaliano yao. Kwa maoni yangu, majina ya aina hii ya pili ndiyo yanayofaa kuanza nayo darasani, maana mtoto anaweza kulikagua jina kwa kutazama ramani.

Majina ya Greenland leo huamuliwa na kamati ya majina ya mahali ya nchi hiyo. Mpelelezi anaweza kupendekeza, lakini hapachiki tu jina kama alivyofanya Peary.

Kwenye ramani ya ukutani andikeni hivi: Kaffeklubben, na chini yake kwa herufi ndogo Inuit Qeqertaat, 83°40′ kaskazini, 29°50′ magharibi. Sekunde ziacheni, kwa ramani ya darasa hazina kazi. Oodaaq mkitaka kumweka, msimwekee nukta. Andikeni jina lake kando, na mwaka 1978, pamoja na maneno barafu iliyokwama.

Na wakikuuliza kuhusu nchi nyingine, maana watauliza: kwa Kanada, Rasi ya Columbia iko digrii 83 dakika 7 hivi, juu ya kisiwa cha Ellesmere. Kwa Urusi ni kisiwa cha Rudolf, karibu digrii 82. Kwa Norway ni Rossøya, kaskazini ya Svalbard, digrii 80 dakika 49. Zote ziko kusini ya Kaffeklubben, Rossøya kwa zaidi ya kilomita 300.